Kamera ya plastiki chini ya jua la Dodoma: kwa anayeanza kupiga picha za mkanda

Kabla hujalipia kamera, mtafute atakayekusafishia mkanda, yaani kuutia dawa mpaka picha zitokee. Studio nyingi siku hizi zinapiga paspoti na kuchapa kutoka kwenye simu, basi. Usiulize "mnasafisha picha?", maana kwa watu wengi kusafisha picha sasa ni kuichapa tu, hata kama imetoka WhatsApp. Uliza: "Mnasafisha mkanda wa rangi, C-41, na mnaskani negativu?" C-41 ni dawa ya mkanda wa rangi, na negativu ni mkanda wenyewe ukishasafishwa. Ukijibiwa kwa macho ya mshangao, ujue mkanda wako utasafiri hadi Dar. Piga hesabu hapo hapo: bei ya mkanda, kuusafisha, kuskani, na gharama ya kifurushi kwenda na kurudi. Gawanya kwa 36. Hiyo ndiyo bei ya kila unapobonyeza, na mara nyingi mikanda mitatu au minne inamaliza bei ya kamera yenyewe.

Tunalianza hilo kwa sababu kelele za mtandaoni zinauza kamera na kuacha mkanda nje. Kamera hizi za plastiki hazikuzaliwa kuwa za wasanii. Diana ilitengenezwa Hong Kong miaka ya 1960, plastiki tupu mpaka lenzi. Holga ilitoka huko huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikilengwa familia za kawaida za China zilizokuwa zikitumia mkanda wa 120, ule mpana wenye karatasi mgongoni. Mkanda wa 35 mm ulipoenea, soko lake likaporomoka. Ndipo wapiga picha wa Magharibi wakaipenda kwa kasoro zile zile: pembe zinazofifia kuwa nyeusi, kingo zisizokamata, mwanga unaovuja. Mwaka 2000 David Burnett, mpiga picha za habari wa Marekani, alimpiga picha kwa Holga Al Gore, aliyekuwa akigombea urais wa nchi hiyo, na picha ile ikashinda tuzo. Angalia vizuri hapo: Burnett alikuwa na miongo kadhaa kazini. Plastiki haikumfundisha kupiga picha.

Sasa tuingie kwenye kazi. Kamera ya kuchezea ina namba tatu zisizobadilika. Chukua Kodak M35: lenzi ya 31 mm, tundu la kupitisha mwanga la f/10, shata inayofunguka kwa 1/120 ya sekunde. Ektar H35, ile inayogawa kila picha nusu, ni 22 mm, f/9.5, 1/100. Hakuna cha kuzungusha. Kwa hiyo uamuzi wako ni mmoja tu, nao unaufanya dukani: ASA ya mkanda, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. Ukishaupachika, kilichobaki ni kuchagua mahali pa kusimama na saa ya kutoka.

Kanuni ya zamani inasema jua likiwa kali, kwa f/16, kasi ya shata iwe sawa na ASA. Mkanda wa ASA 200 ungetaka 1/200 kwa f/16. M35 inaingiza mwanga mara nne zaidi ya huo, yaani hatua mbili juu, maana kila hatua ni mwanga mara mbili. Kwa ASA 400 ni hatua tatu juu. Usiogope. Mkanda wa negativu unastahimili mwanga wa ziada vizuri. Usichostahimili ni upungufu. Negativu iliyozidiwa mwanga bado ina picha ndani yake, lakini iliyokosa mwanga haina kitu, na mtu wa kuskani hawezi kukitoa pasipokuwepo.

Geuza hesabu hiyo kwenye kivuli. Kivuli cha mwarobaini wakati wa jua kinakula karibu hatua tatu. Kwa M35 yenye ASA 400 umefika sawasawa. Ukiwa na ASA 200 umeshapungukiwa nusu ya mwanga, na hapo ndipo picha zinapoanza kuwa za kijivu zenye chembechembe. Barazani, chini ya bati, hali ni mbaya zaidi, na ndani ya nyumba bila flashi usijisumbue. Kwa hiyo, kwa Dodoma, mkanda wa kwanza uwe ASA 400, isipokuwa kama unajua kwamba utapiga mchana wa jua tu. Wanaokuambia ASA 100 "kwa sababu kwenu kuna jua" hawajapiga mtu aliyekaa chini ya mti, na watu wetu mchana wako chini ya mti.

Uso ni somo lake. Saa sita mchana, hasa Machi na Oktoba jua linapokuwa karibu utosini, macho yanakuwa mashimo mawili meusi na kofia inameza uso mzima. Kamera hii haipimi mwanga, kwa hiyo haitakuonya. Piga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri, jua likiwa ubavuni mwa mtu. Mgongo wake usielekee juani, la sivyo ngozi nyeusi inageuka kivuli kisicho na pua. Kama lazima upige mchana, washa flashi na usimame mita moja na nusu hadi mbili. Kwa ASA 400 flashi ndogo hizi hufika kama mita tatu, haziendi mbali zaidi. Kumulika ukumbi wa harusi kutoka viti vya nyuma ni kumaliza betri bure. Jioni, ikifika saa kumi na mbili, weka kamera mfukoni: mwanga wetu unaondoka haraka, na shata haiwezi kuusubiri.

Kitu cha kukipiga picha pia kichague kwa akili. Lenzi hii ya plastiki inapenda umbo kubwa na rahisi. Mbuyu usio na majani wakati wa kiangazi, peke yake mbele ya anga, unaipendeza Holga kabisa, maana zile pembe nyeusi zinausukuma mti katikati. Mawe ya Mlima Simba hivyo hivyo. Lakini mandhari ya mji kutoka kilimani itakuwa uji, kwa sababu vitu vidogo vya mbali ndivyo lenzi inavyovishindwa. Michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa, nayo iache: iko chini ya miamba kivulini, rangi zake zimefifia, na flashi itachoma jiwe lililo karibu na kuacha mchoro gizani. Ile ni kazi ya simu, na hakuna aibu.

Makosa mengi hayatokei kwenye kupiga bali kwenye kupachika. Fungua kamera kivulini. Vuta ulimi wa mkanda mpaka ufike kwenye kijiti cha upande wa pili, uchomeke kwenye mwanya, na uhakikishe meno yameingia kwenye vitobo vya mkanda. Sogeza mara moja mgongo ukiwa wazi uone mkanda umekaza, ndipo ufunge. Halafu kuna kipimo kinachopuuzwa na karibu kila mgeni: unaposogeza mkanda, kitufe cha kurudishia upande wa kushoto lazima kizunguke. Kisipozunguka, mkanda umechomoka, na hutapata picha hata moja.

Mkanda ukigoma mwishoni, umekwisha, usiulazimishe, utakatika. Bonyeza kitufe cha chini, zungusha kirudishio kufuata mshale mpaka uhisi kimelegea ghafla, zungusha tena mara mbili tatu, ndipo ufungue. Ukifungua mapema mkanda unaungua kwa mwanga. Mtu akifungua kwa bahati mbaya, funga upesi: tabaka za ndani mara nyingi hupona. Na ukikatika kweli, subiri usiku, ingia chumba kisicho na dirisha, ziba mwanya wa mlango kwa shuka, uuvingirishe kwa mkono ndani ya kopo jeusi, kisha mwambie mwenye studio kabla hajalifungua.

Holga ina vituko vyake. Huoni kupitia lenzi, kwa hiyo kifuniko kikisahaulika huwezi kujua. Shata inabonyezeka hata kama hujasogeza mkanda, ndiyo maana picha mbili zinalaliana. Ukikipenda hicho sawa, lakini kwanza jifunze kutokifanya. Klipu za chuma za ubavuni zinachomoka zenyewe ukitembea nayo. Zungushia tepu nyeusi ya umeme. Ziba pia kidirisha chekundu cha mgongoni, ukifunue kivulini tu unaposogeza. Swichi ya jua na wingu kwenye nyingi za zamani haibadilishi chochote. Na ukimaliza mkanda wa 120, ubane kwa nguvu kabla ya kubandika karatasi yake: ukilegea, jua letu linaingia pembeni na kuacha michirizi. Kipande cha boksi kilichokunjwa chini ya kijiti kinausaidia ukaze.

Vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, upepo wa Dodoma unaingia kila mahali. Punje moja ya mchanga ndani ya kamera inachora mstari mmoja kwenye picha zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kila unapobadilisha mkanda pitisha brashi mpya laini, ile ya kupakia poda inafaa, na usipulize kwa mdomo, mate yanaganda kwenye lenzi. Joto nalo: kamera isikae kwenye dashibodi wala kwenye buti la gari. Mikanda ya akiba iweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, uitoe saa moja kabla ya kuitumia ili isitoe jasho. Mkanda uliokwisha kupigwa usizeeke kwenye droo. Hapa H35 inawaponza wengi: picha 72 zinachukua miezi, na picha za mwanzo zinakuwa zimeshaanza kufifia.

Ukichoka kutuma Dar, jisafishie mikanda ya nyeusi na nyeupe. Ni rahisi kuliko inavyosemwa. Kwa HP5 Plus, mkanda wa nyeusi na nyeupe wa 35 mm, changanya dawa ya kusafishia ya D-76 na maji kiasi sawa, mililita 150 kwa 150. Kwenye nyuzijoto 20 ni dakika 11. Kwenye 24 ni karibu 8. Maji ya simtanki mchana yanaweza kuwa ya moto kuliko hapo, kwa hiyo weka chupa zote kwenye beseni lenye barafu mpaka zikubaliane. Pindua tangi, kile chombo cha kusafishia kisichopitisha mwanga, mara nne mwanzoni mwa kila dakika, suuza kwa maji, weka fiksa, dawa ya kuimarisha picha, dakika 5. Kisha jaza maji upindue mara 5, mwaga. Jaza upindue mara 10, mwaga. Jaza upindue mara 20. Suuzo la mwisho lisiwe la bomba: maji yetu ya visima yana chumvi na yanaacha madoa meupe yasiyotoka. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, na soma lebo mara mbili, maana asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo. Anika bafuni, mlango umefungwa, baada ya kumwagia sakafu maji ili vumbi litulie.

Usijaribu kufungua kamera za kutupa zenye flashi ili uzipachike mkanda upya. Kapasita yake inaweza kubaki na volti zinazokaribia 300 hata betri ikishatolewa. Na mji huu ni makao makuu ya serikali: kambi za jeshi usizielekezee lenzi, na kwenye majengo ya serikali omba ruhusa kwanza, hata kama kamera yako inafanana na kichezeo cha mtoto.

Unapokwenda kuchukua kazi, dai negativu zako, usikubali faili peke yake. Ziinue dhidi ya dirisha. Kama pembeni mwa mkanda namba zinasomeka lakini katikati pako wazi, dawa ilifanya kazi na tatizo ni lako: mkanda haukusogea, shata haikufunguka, au kifuniko kilibaki. Kama hata namba hazipo, basi rudi kwa aliyesafisha, umuulize dawa yake ni ya lini.