Kinoo chako cha kwanza

Wahenga walisema kinolewacho hupata. Mimi mwezi wangu wa kwanza wa kupara samaki pale soko la samaki la Deep Sea, Tanga, nilinoa kila asubuhi na sikupata kitu. Nilikuwa na kile kidude cha plastiki chenye mfereji, kisu unakipitisha na kukivuta kama unafunga zipu. Siku ya kwanza kilikata ajabu. Wiki ya tatu kisu kimeliwa, tumbo limeingia ndani, na ukiyatazama makali juani yamekaa kama meno ya msumeno. Changu wa watu nikamchanachana badala ya kumpasua. Mteja akachukua samaki wake, akaenda meza ya pili. Sikumlaumu.

Vidude vile usinunue. Vyuma vilivyomo ndani havijali kisu chako kikoje; vinakwangua chuma kingi kwa mlalo mmoja tu, yaani jinsi makali yanavyoinamia kinachoyanoa, uliopangwa kiwandani.

Nunua jiwe, kinoo cha pande mbili, na kiwe kirefu kuliko kiganja chako, maana kifupi kitakufanya unoe vipande vipande. Namba zake zisome kama za msasa: namba ndogo, chembe kubwa. Upande wa 400 ni wa kisu kilichokufa kabisa au kilichomeguka. Upande wa 1000 ndio wa siku zote. Vya 3000 na 6000 waachie wenye muda. Ngozi ya samaki hushikwa vizuri zaidi na makali yenye ukwaru kidogo. Na usione haya kama huna hela bado. Kitako cha kikombe cha udongo, pale pasipopakwa rangi ya kung'aa, kinanoa, na bibi zetu wamekitumia miaka yote.

Sasa mlalo, ambao ndio huwashinda wengi. Pima upana wa kisu kutoka mgongoni hadi makalini, ugawe kwa tatu. Jibu ndilo mwinuko wa mgongo juu ya jiwe: kisu cha sentimita 3, inua mgongo sentimita 1. Hapo una nyuzi 20 hivi kila upande, na visu vingi vya jikoni vinatulia hapo. Kisu chembamba cha kutolea minofu gawa kwa nne, upate nyuzi 15, ila usije ukapigia mfupa wa nguru. Kama huamini mkono wako, paka makali wino wa maka peni kisha pitisha mara mbili. Wino ukibaki ukingoni, umelaza mno. Ukitoka ukingoni tu, umesimamisha mno.

Kuna mama niliyemkuta kazini, mkongwe wa pale dikoni, alinitazama nikigeuza kisu huku na huku kama napaka siagi mkate. Akasema, "Mwanangu, hapo hujanoa, umesugua tu." Akanishika mkono. Noa upande mmoja, usigeuze, mpaka upande wa pili uote kijiuzi cha chuma. Hukioni, unakihisi: weka kidole gumba ubavuni mwa kisu, kivute kuelekea nje kuvuka makali, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Kitakwaruza kidogo, kama ukucha kwenye kitambaa cha hariri. Kijiuzi kikiwepo kutoka kishikioni hadi nchani, ndipo ugeuze. Kisipokuwepo hata sehemu moja, hapo bado pabutu, hata ukinoa mpaka adhuhuri. Mwishoni pitisha kwa zamu, upande huu na ule, mkono mwepesi kabisa, ili kijiuzi kitoke. Mimi namalizia kwenye mkanda wa ngozi wa zamani, nikivuta kinyumenyume. Kisha najaribu kwenye nyanya: ikibonyea kabla ya kukatika, narudi jiweni.

Tumia maji. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata, kinoo kinaziba. Lile tope la kijivu linalotoka usiliondoe kila mara, nalo linanoa.

Tupa ni ya panga na jembe, chuma chao ni laini. Ile fimbo ya chuma ya watu wa bucha hainoi kisu kilichokufa. Inanyoosha makali yaliyopinda, basi. Na fundi wa mashine ya kuzunguka mpelekee shoka. Kisu changu cha pili kilirudi kwa fundi kikiwa na doa la buluu ukingoni. Moto ulikuwa umeshalainisha chuma, na toka siku ile hakikukaa na makali zaidi ya samaki kumi.

Jioni osha kisu kwa maji baridi ya bomba ukikaushe. Hata kile kinachoitwa hakishiki kutu, chumvi ya bahari inakitoboa vidoa.

Jingine ni la kuazimana. Nilimwazima jirani kinoo anolee panga lake, kikarudi kimebonyea katikati kama mtumbwi, na kinoo kilichobonyea hakikupi mlalo hata ufanyeje. Niliweka msasa juu ya kioo, nikamwagia maji, nikakisugua nusu siku mpaka kikawa bapa tena. Siku hizi akija kubisha hodi namwambia kinoo kiko kazini.