Kabla hujang'oa hita ya koili

Gesti yangu iko Nyegezi, vyumba 8. Mgeni anashuka kwenye basi la Dar hoi bin taabani, na kabla hajauliza bei anauliza, "Maji ya moto yapo?" Yalikuwepo. Ila LUKU ilikuwa inalia kila mara, hadi nikawa naamka usiku kununua umeme. Ndipo nikanunua pampu ya joto, mashine nyingine ya kupashia maji.

Hita ya koili, ile inayopasha maji kwa waya wa umeme, haina ujanja. Kupasha lita 100 kutoka nyuzijoto 24 hadi 50 kunakula uniti 3, hata ununue hita ya bei gani. Pampu ya joto yenyewe hailizalishi joto, inalihamisha. Ni friji iliyogeuzwa: friji inanyonya joto la soda na kulitupa nyuma, pale unapogusa pana vuguvugu, pampu inanyonya joto la hewa na kulitupa kwenye tangi. Kwa hewa yetu ya Mwanza, lita zile zile 100 zinataka kama uniti 1.

Binamu yangu yuko Winnipeg, Kanada. Aliponiambia mashine ya aina hiyo inapasha nyumba yake nje kukiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, nilidhani ananitania. Joto gani hilo kwenye barafu? Kumbe siri ni gesi iliyomo ndani. R32, iliyojaa kwenye AC nyingi, huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Winnipeg kwake ni jiko. Lakini baridi ikizidi, faida inashuka, na mashine ya nje inaganda barafu mpaka isimame kwanza ijiyeyushe. Ndiyo maana binamu hakung'oa koili. Ikifika nyuzi 30 chini, koili inashika zamu.

Mimi nilikosea mahali pa kuiweka pampu yangu. Kwa kuogopa wezi niliifungia stoo, mlango umebanwa. Haikupita wiki, vitunguu vilikuwa vya baridi kama vimetoka kwenye friji, matone yanalowesha gunia la mchele, na uniti zimeanza kupanda tena. Fundi aliingia, akagusa ukuta, akatikisa kichwa. "Mama, umeiziba pumzi." Ilikuwa inanyonya joto la hewa ile ile iliyokwisha kuipoza. Tukaihamishia baraza la nyuma, ndani ya kizimba cha nondo. Sasa kero ni wadudu wa ziwani: wakija lile wingu lao, asubuhi naanza na brashi kwenye matundu ya hewa.

Kama mko wawili nyumbani na mnaoga dakika tano, bakini na hita yenu ya bafuni. Bei ya pampu bado inauma, na kwa maji hayo machache sijui italipa lini. Mimi mwenyewe koili ya tangi sijaitoa. Wakija watu wa harusi, vyumba vyote 8 vimejaa na kila mtu anataka kuoga saa kumi na mbili asubuhi, naiwasha.