Jua lisichwe, sio mpaka mwezi ujae

Kama we sio mtu wa mwaloni, yaani huku ufukweni samaki wanaposhushwa, ngoja nikuelezee kitu kimoja kwanza, bila hicho hutanielewa. Dagaa wa ziwa letu, Ziwa Victoria, wanavuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa, zamani zilikuwa karabai siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanakimbilia mwanga halafu wavu unawazoa. Sasa mwezi ukiwa mkubwa taa inakuwa haina kazi, dagaa wametawanyika ziwa zima, kwa hiyo mabaharia wanapumzika siku kadhaa na wengi wanarudi makwao. Mume wangu anavua kisiwani Goziba. Ndo maana nyumbani kwetu hapa Kirumba, Mwanza, juu huku kwenye mawe, baba anaonekana mbalamwezi, giza likianza anaondoka.

Hizo wiki tatu za giza nipo peke yangu na watoto watatu na biashara yangu ya dagaa pale soko la Mwaloni. Natoka alfajiri narudi jioni nimechoka, nanuka dagaa mpaka kwenye nywele, halafu nakuta huyu kampiga mwenzie, huyu hajaosha vyombo, yule kachana daftari. Nguvu ya kukaa na mtoto nikaongea naye sina. Nikawa na sentensi yangu moja tu, na najua kina mama wengi mnaijua: "Subiri baba yako arudi."

Jamani hiyo sentensi ni tamu, inafanya kazi palepale, mtoto ananywea. Ila ni mkopo, na mkopo una siku yake ya kulipwa.

Siku yenyewe ilikuwa ni ile jioni ya kwanza baba akirudi, tena kwenye ibada ya nyumbani. Mi nimekulia Nassa, kule ambako wamisionari wa Africa Inland Mission (AIM) walianzia kazi yao ya huku Tanzania mwaka 1909, kwa hiyo ibada ya jioni kwetu ilikuwa kama kula. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Tukimaliza ugali na nsansa, ile mboga ya majani makavu, koroboi inawekwa katikati, wimbo, neno, kila mtoto anasema mstari wake wa moyo, maombi, mnalala. Nilipoolewa nikasema hiki lazima kiwepo nyumbani kwangu. Na kweli kilikuwepo, ila kwangu baba yao akishasoma neno ananigeukia, "haya mama, watoto walikuwaje?" na mimi nafungua jalada. Huyu kafanya hivi, huyu hivi, tarehe na saa. Fimbo inatembea. Halafu tunashikana mikono tunasema Baba yetu uliye mbinguni. Unaona hapo? Neno baba wamelisikia mara mbili usiku mmoja.

Kesi iliyonifumbua macho ni ya mkubwa wangu, yupo darasa la sita. Nilimpa mia tano ya sadaka ya Sande skuli, akaipeleka kwenye banda la gemu. Nikaambiwa na jirani. Nikasema sawa, subiri baba yako. Ilikuwa giza ndo limeanza, yaani kama siku kumi na nane mbele. Nisichokijua, yule mtoto Jumapili iliyofuata alienda mwenyewe kwa mwalimu wake wa Sande skuli akakiri, na hela akairudisha kidogo kidogo kutoka kwenye ile ninayompa ya kula shuleni, anashinda njaa. Baba yao akarudi, ibada, jalada, fimbo. Mtoto hakujitetea hata neno moja. Nilikuja kuambiwa na mwalimu wiki mbili baadaye, akiniambia kwa kumsifia, "mama mwanao ana hofu ya Mungu." Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu mwezi uliofuata nikiwa nje naanua nguo, kitindamimba wangu wa miaka sita akaangalia juu akasema taratibu, kama mtu mzima, "Mama, mwezi umeanza kunenepa." Nikamwambia ndio, baba anakaribia kuja. Akaingia ndani. Mtoto anauogopa mwezi! Mwezi ambao Mungu kauweka watu waone njia.

Nikaenda Nassa kwa baba nikamweleza yote. Alikaa kimya mpaka nikadhani kasinzia. Akaniuliza, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "mimi nilikuchapa?" Nikasema ndio, sana tu. "Wapi?" Nikafikiri. Kwenye zizi, njiani, shambani, siku ileile niliyokosea. Lakini kwenye ibada? Hata mara moja. Akasema pale wote tulikuwa wakosaji, na yeye akiwemo. Basi akabadilisha mada akaanza habari za mvua na pamba.

Nikarudi nasoma Biblia kwa macho mengine. Ile Mithali 13:24 ambayo wengi tunaikimbilia, "Asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe", tunaishia hapohapo, mbele inasema "bali yeye ampendaye humrudi mapema." Mapema! Sio baada ya siku kumi na nane. Na Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Biblia inasema jua lisichwe, sisi tulikuwa tunasubiri mwezi ujae. Na Paulo huyohuyo sura ya sita anawaambia akina baba wasiwachokoze watoto, mimi nilikuwa namtuma baba yao awachokoze kwa niaba yangu.

Kumwambia mume wangu haikuwa rahisi. Alikasirika, akasema kwa hiyo mimi ndo mbaya? Nikamwambia hapana, mimi ndo nilikufanya polisi. Siku mbili tulikuwa tunaongea habari za nyavu tu. Ya tatu akamwita mkubwa nje kwenye jiwe, sijui walisema nini, ila nilisikia "nisamehe baba." Mama mkwe alipopata habari akasema nimemroga mwanae, baba gani anaomba msamaha kwa mtoto. Nikasema sawa mama.

Sasa tunafanyaje. Kesi inaisha siku hiyohiyo na anayeimaliza ni mimi niliyeiona, hata kama nimechoka, na kama hasira imenipanda naosha kwanza miguu, sicheki, maji ya baridi yanasaidia. Kabla ya yote nauliza. Lile swali la "ilikuwaje" lingeniokoa na aibu ya mia tano. Adhabu inafanana na kosa, umechana daftari la mwenzio utakaa umwandikie upya, umepoteza hela utaosha masufuria mpaka itimie. Mistari ya Biblia hatuitumii kama adhabu, ile ya "kariri Zaburi 51 ndo ule" niliiacha kabisa, maana nilikuwa nafundisha mtoto kulichukia Neno. Na fimbo mume wangu mwenyewe aliichoma jikoni. Kuna watakaosema tunadekeza, na hata Sheria ya Mtoto ya 2009 wanaiita ya kizungu, lakini inachokataza ni adhabu ya kikatili na inayopita kiasi, na mimi nikikumbuka zile usiku sina cha kubisha.

Baba akirudi anaambiwa mambo, simfichi, ila tukiwa wawili chumbani na yakiwa yameshaisha.

Na ibada ikapata nafasi ya kupumua. Dakika kumi na tano, mtoto mmoja anachagua wimbo, baba anasoma. Anapenda Luka 5, Petro anavyosema wamefanya kazi ya kuchosha usiku kucha wasipate kitu. Hapo anaacha kusoma anaanza kuwasimulia usiku wake mwenyewe, upepo ulivyobadilika, taa zilivyozimika, walivyorudi na mtumbwi mtupu deni la mafuta linawasubiri. Watoto midomo wazi. Wa katikati akamuuliza siku moja, "baba na we uliogopa?" Akasema sana.

Sijafika, msinielewe vibaya. Juzi tu ile sentensi ilinitoka tena, nimeshasema "subiri baba..." nikaimeza. Na mkubwa bado anakaa karibu na mlango wakati wa ibada na haimbi. Simlazimishi. Baba yake naye hamlazimishi, anasogeza tu taa kidogo upande ule.

Leo mwezi upo nusu. Kitindamimba kashachagua wimbo wake, ameniimbia tangu asubuhi mpaka nimechoka, na ameagiza baba akija tukaange sato.