Tagi la mvuke: kachombo kadogo kanavutaje meli kubwa?

SWALI: Mhariri shikamoo. Nimeona picha ya Hercules, tagi la mvuke la 1907, kadogo tu lakini wanasema lilikuwa linavuta meli kubwa kuliko lenyewe. Nguvu linatoa wapi? Na mbona ndoano ya kamba iko karibu na katikati, si nyuma kabisa? – Msomaji

JIBU: Marahaba. Nimefurahi umeiona hiyo ndoano maana wengi macho yao yanaishia kwenye dohani. Usukani uko tezi, yaani nyuma ya chombo, sasa kamba ukiifunga hukohuko tezi uzito wa meli unaubana mkia, utazungusha usukani weee na omo, yaani mbele ya chombo, haigeuki. Ikisogezwa karibu na katikati mkia unabaki huru, tagi linajigeuza litakavyo na kamba inapita juu ya sitaha ya nyuma, ndo maana sitaha hiyo iko chini na imeachwa tupu. Ila hatari nayo iko hapohapo: meli ikilipita tagi, kamba inavuta kwa ubavuni, tagi linalala na kupinduka kabla watu hawajajua nini kimetokea. Mabaharia wengi wamekufa hivyo, kwa hiyo ndoano nzuri ni ile inayofunguka hata kamba ikiwa imekaza.

Nguvu sasa. Hercules lina urefu wa mita 46 hivi na ngama yake, yaani tumbo la chini la chombo, sehemu kubwa imeliwa na boila, injini na matangi ya mafuta. Injini ina silinda za hatua tatu, mvuke wa boila unaingia kwanza kwenye ndogo, ukishasukuma pistoni bado una nguvu kwa hiyo hautupwi, unapelekwa ya kati halafu kubwa, na kila hatua presha inashuka mvuke unatanuka ndo maana silinda nazo zinaongezeka ukubwa. Mimi hapa ndipo wale mafundi wananikosha kabisa, hawakupoteza kitu. Injini inazunguka polepole, inageuza propela kubwa, na kuvuta mzigo kunataka hiyohiyo, siyo propela ndogo ya mbio.

Likiwa jipya lilitoka pwani ya mashariki ya Marekani likimvuta pacha wake Goliah, wakazunguka kupitia Mlango wa Magellan, kule kusini kabisa ya Amerika Kusini, hadi San Francisco kwa sababu Mfereji wa Panama ulikuwa haujafunguliwa. Goliah ndiye aliyebeba mafuta na maji ya mwenzake!

Wazo lenyewe la kuvuta vyombo kwa mvuke ni la zamani zaidi. Mwaka 1803 huko Scotland, boti ya mvuke Charlotte Dundas ya mhandisi William Symington ilivuta matishali (mashua bapa za mizigo) mawili ya tani 70 kila moja kwenye mfereji wa Forth and Clyde, karibu kilomita 30, upepo mkali ukiwapiga usoni. Ilifanikiwa, lakini wenye mfereji wakaikataa wakiogopa mawimbi yake yatabomoa kingo. Inaniuma mpaka leo. Hercules lenyewe lilipiga kazi hadi 1962 na limehifadhiwa hapo San Francisco, ukipata picha yake nyingine angalia ile sitaha ya nyuma, utaona njia ya kamba.