Presha haishuki na mgonjwa anasema dawa anakunywa: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Wagonjwa wangu wengi wa presha ni wavuvi wa dagaa. Kila mmoja anasema dawa anakunywa, ila mashine inasoma 170/100, wengine zaidi. Nimwombe daktari aongeze dozi?

JIBU: Bado, ndugu muuguzi. Hakikisha kwanza kwamba dawa inamezwa. Ukiuliza "dawa unakunywa?" mtu mzima atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Uliza hivi: "Wengi dawa huwapita wakiwa ziwani. Wewe wiki hii imekupita siku ngapi?" Akitaja mbili au tatu, mshukuru kabla ya kuuliza sababu. Ukimgombeza, mwezi ujao hutaambiwa kitu.

Kisha hesabu vidonge. Aje na dawa zote alizo nazo, pamoja na za dukani. Tuseme ulimpa vidonge 30 vya amlodipini, dawa ya presha, kimoja kwa siku, na baada ya siku 30 amebakiza 11. Amemeza 19, yaani asilimia 63. Kwa kawaida chini ya asilimia 80 tunasema dawa haijapewa nafasi. Ukipandisha dozi hapo, siku akianza kumeza sawasawa presha inaweza kushuka mno, apate kizunguzungu akiwa mtumbwini. Hesabu hii peke yake haitoshi: masalio ya mwezi wa nyuma huivuruga, na ajuaye atahesabiwa huweza kuvitupa.

Sasa tafuta sababu. Bahasha imeandikwa "1x1 asubuhi", yaani kimoja mara moja kwa siku, lakini asubuhi ya mvuvi ni saa ya kushusha dagaa na kwenda kulala. Amlodipini haichagui saa, mradi isibadilike kila siku, kwa hiyo iambatanishe na chakula anachokula akiamka. Yenye kasheshe ni dawa ya presha ya kuongeza mkojo. Akiimeza jioni atahangaika na mkojo usiku kucha ziwani, na ataiacha kimyakimya. Aimeze mara afikapo nchi kavu. Ikimkatiza sana usingizi, daktari afikirie dawa nyingine. Anayepata kikohozi kikavu kwa dawa za presha za kaptoprili au enalaprili naye abadilishiwe, maana dawa ya kikohozi haitamsaidia.

Usisahau kuuliza kama anameza diklofenaki, dawa ya maumivu. Kuvuta nyavu kunaumiza mgongo, na vidonge hivyo vinapatikana kila duka la dawa. Diklofenaki na mwenzake ibuprofeni hupandisha presha, hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha, na zikichanganywa na enalaprili pamoja na dawa ya mkojo huweza kuumiza figo. Kwa maumivu ya kawaida mpe parasetamoli. Swali hili watoa dawa wengi hawaliulizi, na mara nyingi jibu liko hapo.

Wengine huacha kwa sababu wanajisikia vizuri. Wamezoea mseto wa malaria: siku tatu, umemaliza. Mweleze wazi kwamba dawa ya presha haimalizwi. Kidonge cha leo kinashikilia presha ya leo. Halafu umwombe akueleze yeye, kwa maneno yake, atameza nini, saa ngapi, na akisahau atafanya nini. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo akisahau ameze akikumbuka siku ileile, ila asimeze viwili kwa pamoja. Anayetumia atenololi au propranololi, dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, aonywe kwamba kuikatisha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo.

Tarehe za kliniki zipange siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wanaovutia dagaa kwa taa gizani wako nyumbani. Ambaye presha yake imetulia na dawa zipo, mpe za miezi miwili au mitatu. Bahasha ya karatasi hulowa; vidonge vibaki kwenye karatasi yake ya kiwandani, ndani ya kopo lenye kifuniko.

Mwenye 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, huyo ni rufaa siku hiyohiyo.

Ikiwa amemeza zaidi ya asilimia 80, hatumii diklofenaki, na umempima amekaa dakika 5 mkono ukiwa usawa wa moyo, lakini bado iko juu, hapo mwone daktari. Amlodipini ya miligramu 5 inaweza kwenda 10, na mgonjwa aambiwe mapema kwamba miguu huenda ikavimba, ili asiiache bila kurudi kwako.