Mwalimu Tunauliza: kabla hamjawajengea Wahadzabe darasa

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa kujitolea huku Karatu, upande wa Ziwa Eyasi. Kikundi chetu kimepata hela kidogo tunataka tuanzishe darasa la watoto wa Kihadzabe, wale watu wa kuwinda na kuokota matunda porini, ambao wameacha shule au hawajawahi kwenda. Mwaka jana tulisaidia kupeleka watoto kadhaa shule ya bweni, sare bure, madaftari bure, chakula bure, haikufika miezi miwili karibu wote wametoroka wamerudi kambini kwa miguu. Iliniuma sana. Sasa tunataka tujenge chumba kimoja tufundishe wenyewe. Tuanzie wapi? Na tukiwafundisha mambo ya asali na kuwinda si tutakuwa tunawarudisha nyuma? – Kijana, Karatu*

Marahaba mwanangu. Hela ya chumba iwekeni kwanza, msinunue hata mfuko mmoja wa simenti.

Nikuulize, wale watoto waliporudi kuna mtu aliwauliza kwanini wameondoka? Maana naona mmehesabu vya bure lakini sijaona neno la mtoto hata moja. Mtoto katoka bwenini kakatiza pori mpaka kwao bila kupotea, huyo ana akili na ana elimu tayari, sisi ndo hatujui kuisoma. Fikiria alikotoka, kambini watoto wanatoka pamoja wakubwa kwa wadogo, wanaokota ubuyu, wanachimba mizizi, wanakula hapohapo walipopata, mdogo anajifunza kwa kumwangalia mkubwa na hakuna anayemsimamia na fimbo. Halafu unamleta kwenye kengele, mstari, chumba cha watoto wa umri mmoja, mwalimu anaongea Kiswahili ambacho yeye hajakisikia vizuri, akifungua mdomo kuongea Kihadza wenzake wanamcheka kwa vile vidoko, sauti za kugonga ulimi, vya lugha yake. Mimi mtu mzima ningetoroka.

Na wazazi wao nao usidhani hawapendi elimu, wana kumbukumbu. Mwaka 1964 na 1965 serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi ikawaweka Yaeda Chini wakae kijijini walime, magonjwa yakawaingia, watu wakafa, waliobaki wakarudi porini. Bibi aliyesikia habari hiyo kwa mama yake akiona gari linakuja kuchukua wajukuu unategemea afikirie nini? Kanada huko serikali iliomba msamaha hadharani mwaka 2008 kwa shule za bweni walizowapeleka watoto wa wenyeji wa nchi ile wakawatenga na lugha zao na wazazi wao, kwahiyo jambo la bweni sio dogo na sio letu peke yetu.

Sasa nikwambie habari ya Karamoja, Uganda, maana ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Wakaramojong inasimuliwa kwamba zama za ukoloni wazee waliilaani kalamu wakaizika ardhini kabisa, kwasababu kalamu ndo ilikuwa inaandika majina ya vijana wa kupelekwa vitani. Miaka mingi shule ikawa kitu cha kukwepwa. Mwaka 1995 wazee wakafanya tambiko la kuifukua ile kalamu. Ona hapo, walioifukua ni wazee wenyewe. Halafu mwaka 1998 ukaanza mpango unaitwa ABEK, elimu ya msingi mbadala kwa Karamoja, na waliouandaa walikaa na jamii kwanza wakauliza mtoto yuko wapi saa ngapi. Jibu likawa mchana yuko na mifugo au yuko na kazi za nyumbani. Basi darasa likawekwa asubuhi mapema kabla mifugo haijatoka na jioni ikisharudi, chini ya mti, karibu na boma, kwa lugha yao ya Kikaramojong, na wanaofundisha wakachaguliwa kutoka hukohuko. Masomo yakaanzia kwenye mifugo, malisho, kilimo, afya, amani, humo ndani ndo kusoma na kuhesabu kukaingia. Wasichana walikuja na wadogo zao mgongoni na hakuna aliyewafukuza. Hilo la mtoto mgongoni liandike pembeni, maana msichana wa miaka kumi anayelea mdogo wake hawezi kuja kwako kama umeweka sheria kwamba watoto wachanga hawaingii.

Kwahiyo kaeni kambini. Sio siku moja ya kikao na soda, kaeni wiki kadhaa, muulize akina mama na wazee msimu wa asali ni lini, matunda ya porini yanaiva lini, kambi inahama lini na kwenda wapi, ndo mpange kalenda. Darasa lenu liwe la kuhama, ubao wa kubeba, sanduku la vitabu, turubai la mvua basi. Msiwagawe kwa umri, waacheni wakubwa wafundishe wadogo kama walivyozoea. Mwalimu mkuu wa darasa hilo awe kijana wa Kihadzabe aliyesoma kidogo, wapo, hata kama aliishia la saba, mumlipe sawasawa sio posho ya kumshukuru, halafu mwalimu mwenye cheti akae pembeni yake amsaidie mbinu. Wengi mnafanya kinyume, mwenye cheti anakuwa bosi na kijana wa pale anakuwa mkalimani na mbeba maji, watoto wanaona na wanajifunza kwamba mtu wao ni wa chini.

Hilo la kurudishwa nyuma limenisikitisha kidogo mwanangu lakini najua umeuliza kwa moyo mzuri. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi kwa jina la jamii nzima, na kwenye bonde hilo kuna mradi wa hewa ya ukaa, ile hewa chafu inayofyonzwa na miti, wanalinda msitu wao na jamii inalipwa. Sasa nani anasoma ule mkataba? Nani anahesabu ile hela ikiingia kijijini? Vijana wanaozunguka kulinda msitu nani ataandika walichokiona, mti uliokatwa wapi, mifugo iliyoingia wapi? Mtoto anayejua kila mti kwa jina na anajua kumfuata yule ndege anayewaongoza watu mpaka kwenye nyuki, ukimuongezea kusoma, kuhesabu na ramani umempa nguvu ya kulinda ardhi yake. Asali na uwindaji ndo somo lenyewe la sayansi, anzia hapo. Ila ngoma yao ya epeme na mambo mengine ya heshima msiyaweke kwenye mtaala mpaka wazee waseme wenyewe kipi kifundishwe na nani, na kipi kibaki kwao.

*Mwalimu habari. Mimi ni mama wa Kimasai, Longido. Wamekuja watu wanasema watuletee shule ya jioni ya watoto wachungaji. Mimi nina wasiwasi itakuwa shule ya maskini, watoto wa mjini wasome ya kweli, wetu wapewe makombo. Nakosea? – Mama wawili*

Hukosei hata kidogo mama, na ningependa kila mtu wa mradi asome barua yako. Shule ya jioni yenyewe sio mbaya, Samburu kule Kenya wamekuwa na madarasa ya wachungaji yanaitwa Lchekuti, mtoto anarudisha mbuzi halafu anasoma, na wapo waliotoka hapo wakaingia shule za kawaida wakaendelea. Kenya mpaka wameweka kwenye sheria ya elimu ya mwaka 2013 baraza maalum la elimu ya wafugaji wanaohama. Ubaya unakuja pale darasa linapokuwa halina mlango wa kutokea. Hata Karamoja shida iliwakuta hapo, mtoto kazoea kusoma masaa mawili tu chini ya mti kwa lugha yake, akihamia shule ya kawaida anakuta Kiingereza, siku nzima, sare na michango, wengine wakarudi nyumbani.

Kwahiyo wakija tena waulize mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mtoto wangu atafanya mtihani gani na lini, na nani ataupokea? Sisi Tanzania tulikuwa na MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ilianza 1999 kwenye wilaya chache za majaribio kama Kisarawe na Masasi, na uzuri wake ulikuwa huo, mtoto aliyekosa shule anasoma muda mfupi halafu anafanya mtihani uleule wa wenzake wa darasa la nne au la saba anaingia kwenye mfumo. Wakikuambia wao watatoa cheti chao wenyewe, kataa. Na uliza mshahara wa mwalimu utalipwa na nani mradi ukiisha, maana hapo ndo madarasa mengi yanafia.

Na mama, usikubali mtoto wa kiume asome mchana na wa kike ndo aachiwe ya jioni. Naona barua yako haijasema lakini nimeona mara nyingi sana.

*Tukianza kwa lugha ya nyumbani si watachelewa Kiswahili? – Mwalimu, Mbulu*

Mwalimu mwenzangu hapana. Mtoto anajifunza kusoma mara moja tu maishani, akishajua kwamba alama hii ni sauti hii anahamisha ujuzi huo kwenye lugha yoyote. Mtaala wetu ni wa Kiswahili na mtihani ni wa Kiswahili, najua, sikuambii uvunje utaratibu. Ila miezi ya mwanzo hadithi, nyimbo na maelekezo yaende kwa lugha anayoielewa, Kiswahili kiingie kidogokidogo kwa mdomo kabla ya daftari. Wamaori wa New Zealand mwaka 1982 walianza na watoto wadogo kabisa, bibi na babu wakawa ndo wanaongea nao lugha yao kutwa nzima, lugha iliyokuwa inakufa ikapata watoto wanaoiongea tena na Kiingereza hakikuwapita. Wewe hapo Mbulu una bibi wangapi karibu na shule yako? Mwite mmoja Jumatatu, mpe kiti, asimulie, watoto wachore alichosimulia, halafu niandikie umeona nini.