Umepata ulichokuwa unakitaka, mbona moyo bado haujashiba?

Juzi kuna binti kaniandikia meseji: "Dada, kazi nimepata, gari nimenunua, mchumba ninaye, vyote nilivyomuomba Mungu, lakini mbona ndani nahisi patupu?" Nimeisoma nikakaa kimya kwanza, maana hilo swali nalijua vizuri sana.

Mimi nilikitafuta cheo kwa nguvu zangu zote wapendwa, na nilikipata kihalali, kwa jasho langu, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Siku barua imetoka nikaweka stetasi, pongezi zikamiminika mpaka simu ikazima chaji. Usiku wake nipo kitandani nimejifunika shuka mpaka kichwani, mwanga wa simu usoni, nazisoma zile pongezi upya, na unajua kilichokuwa kinanikosesha usingizi? Kuna mtu mmoja ameiona stetasi na hajaandika kitu. Watu wote wale wamefurahi na mimi, halafu akili yangu iko kwa huyo mmoja! Na kabla sijapitiwa na usingizi nilishaanza kupiga hesabu za cheo cha juu yake.

Baadaye ofisi ikapunguza watu na mimi nikiwemo. Sitaki kuingia sana huko ila inauma mpaka leo, maana waliokuwa wananiita bosi wetu kipenzi hawakupokea tena simu zangu. Aliyekuja ni mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi, hakuja na maneno mengi, alikaa pembeni yangu akafungua Yohana sura ya 4 akasoma polepole kwa sauti.

Ile habari nilikuwa naijua tangu utotoni, yule mwanamke Msamaria, saa sita mchana, kisima cha Yakobo. Lakini siku ile niliisikia kama sijawahi kuisikia. Yesu anamwambia kila anywaye maji haya ataona kiu tena. Hamwambii kwamba maji ni mabaya, anamwambia kiu itarudi tu! Waume watano walishapita na aliye naye sio mume wake, na bado anatafuta. Halafu angalia mstari wa 28, anauacha mtungi pale pale anakimbilia mjini. Yaani kilichomleta kisimani kakisahau, kwa sababu kampata Mwenyewe.

Sulemani naye tumsikilize, maana hatuwezi kusema aliongea kwa wivu wa kukosa. Majumba, bustani, waimbaji, fedha na dhahabu, wake 700 na masuria 300, macho yake hakuyanyima kitu, na akaandika kwamba yote ni ubatili na kujilisha upepo. Sasa wewe na mimi tunadhani mshahara ukiongezeka kidogo ndio tutatulia?

Ndio maana sikubaliani kabisa na mafundisho ya kwamba ukiwa na Mungu lazima vitu vionekane. Paulo aliandika Wafilipi akiwa kwenye vifungo na ndiyo barua iliyojaa furaha, anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote. Amejifunza, ndugu yangu, haikumdondokea tu! Basi na sisi tujifunze, tuache kumfanya Mungu wa kutuletea mizigo halafu akishaifikisha tunafunga mlango.

Kwa hiyo mdogo wangu, asubuhi kabla hujashika simu, ongea na Mungu. Soma Neno. Usijitenge na watu wa maombi, hata kama wanakuboa kidogo, na ukichoka rudi tena kwenye Neno. Leo nina kazi ya kawaida, mshahara haufiki hata ule wa zamani, na nalala. Nalala kabisa! Hii amani sikupewa na ofisi na hakuna ofisi itakayoichukua.

Kazi usiache, gari endelea kuendesha, na mchumba nenda naye kanisani. Ila leo usiku fungua hiyo Yohana 4, usiishie kwenye kisima, soma mpaka mstari wa 42, uone watu wa mji ule wanavyomfuata Yesu kwa sababu ya ushuhuda wa yule mwanamke, wanamsihi akae kwao, na anakaa siku 2. Ukimaliza niandikie tuombe pamoja.